Nani kaiba gunia la karafuu?

Leo darasa la sita wamenifurahisha mno jamani. Tulikuwa na mchezo wa upelelezi, karata nimezikata mwenyewe kwa maboksi, kisa chake gunia la karafuu limeibwa: nani kaiba kati ya watu wanne, kalichukulia nini kati ya baskeli, gari ya ng'ombe na ngalawa, na kalificha wapi kati ya pahala patano. Hapo yanawezekana majibu 60. Karata tatu za jibu zimo kwenye bahasha, tisa zilobaki wamegawana makundi matatu, mnauliza kundi jengine vitu vitatu, wakiwa na kimoja wanakuonesheni nyinyi tu kwa siri, hawana wanasema hatuna.

Asili yake ni Cluedo, mchezo wa ubao wa kumtafuta muuaji, aliubuni Anthony Pratt wa Birmingham, Uingereza, ukaanza kuuzwa 1949, wenyewe una watu 6, silaha 6 na vyumba 9, yaani majibu 324. Mie mauaji sikuyataka skuli, na huku Pemba karafuu kila mtoto anazijua.

Sasa sikilizeni. Kundi la kwanza limeuliza "mvuvi, ngalawa, pwani", la pili halina hata kimoja, la tatu likaonesha karata kwa siri. Baadae kundi la pili likawauliza hao hao wa tatu "mvuvi, baskeli, pwani", wakajibu hatuna. Kitoto kimoja cha kike cha kundi la pili, ambacho darasani husikii sauti yake, kikainuka: "Maalim, basi wana ngalawa! Mvuvi hawana, pwani hawana, na mwanzo walionesha kitu." Karata yenyewe hajaiona! Wenzake wakamwambia umechungulia wewe, ikabidi aeleze tena polepole, na safari hii wakamfahamu.

Hilo "hatuna" ndilo wengi wanalipuuza, wanangojea kuoneshwa tu, na naona ndio shida ile ile ya kwenye hesabu na sayansi, mtoto anataka apewe jibu akariri. Kwa hiyo alama natoa kwa maelezo, aliyepatia mwizi kwa kubahatisha namwambia rudi ukatafute sababu.

Wiki ijayo kila kundi litunge kisa chake, sharti langu moja tu, vidokezo vifikishe kwenye jibu moja na sio mawili. Hapo ndipo watakapotoka jasho khasa, maana kutunga kunataka ulijaribu kila jibu jengine mpaka uone kwa nini haliwezekani.