Nilipokuwa Mwamuzi wa Karata

Jumamosi iliyopita nilikuwa mwamuzi wa mashindano madogo ya Magic: The Gathering, mchezo wa karata uliobuniwa na Richard Garfield na kutolewa mwaka 1993, katika ukumbi ulio jirani na Nyerere Square hapa Dodoma. Kabla ya kuanza nilikagua mafungu yote ya karata ya wachezaji: katika kila fungu karata zisipungue 60, na nakala za karata moja zisizidi 4, isipokuwa zile za ardhi za msingi, yaani karata za kawaida zinazompa mchezaji nguvu ya kutumia karata nyingine.

Katika raundi ya pili kijana mmoja aliinua mkono, akaniamkia, kisha akauliza, "Kaka mwamuzi, nikishambulia sasa nitashinda?" Hapo ndipo, kwa maoni yangu, ulipo ugumu halisi wa kazi hii, kwa sababu jibu nilikuwa nikiliona wazi mezani. Nikamwambia, "Mdogo wangu, kanuni nitakueleza zote, lakini kuamua ni kwako." Tulizisoma pamoja kwa utulivu, mpinzani wake akisikiliza, na kwa kuwa tulitumia dakika 3, niliwaongezea dakika hizohizo juu ya 50 za raundi.

Alishambulia, akashindwa. Alipokusanya karata zake alirudi kuniomba nimweleze kanuni ile tena.