Mtoto wa Tanga kati ya mahujaji wa Namugongo

Mwaka 2019 tarehe 3 Juni iliangukia mwishoni kabisa mwa Ramadhani. Nilikuwa nasoma Kampala, nauli ya kwenda Tanga na kurudi sina, na chumba nilichopanga kilikuwa Kyaliwajjala, mwendo wa miguu tu kufika Namugongo, ambako kila tarehe 3 Juni kuna hija ya Mashahidi wa Uganda. Anayeijua Uganda ameshaelewa. Siku zile Kyaliwajjala hakulaliki: mchana mahujaji wanapita, usiku wanapita, na nyimbo na rozari haziishi.

Hao mahujaji wanakwenda kuwakumbuka vijana Wakristo waliouawa kwa amri ya Kabaka (mfalme wa Buganda) Mwanga II kati ya 1885 na 1887. Wakatoliki wanahesabu mashahidi 22 na Waanglikana 23, na wengi wao walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Watu wanatembea kutoka pande zote za Uganda, na wengine wanatoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo, majuma mazima njiani.

Mama mwenye nyumba wangu ni Mkatoliki wa dini kwelikweli, kila mwaka anapokea mahujaji uani kwake. Mwaka ule alipata kundi kubwa kutoka Kenya na wachache kutoka Bukoba, na Kiswahili chake ni cha kununulia nyanya. (Kampala Kiswahili hakina sifa nzuri sana. Wazee wengi wanakikumbuka mdomoni mwa askari wa enzi za Amin, na wengine wanakielewa vizuri tu lakini hawakijibu.) Asubuhi na mapema, hata usingizi wa baada ya daku sijaupata, akanigongea: “Nnyabo (yaani bibie), amka uje unisemee na watu wako.”

Watu wangu! Mimi Muislamu wa Tanga, wao Wakatoliki wa Busia. Nikajifunga mtandio nikatoka.

Kazi ya kwanza ilikuwa miguu. Sikuwahi kufikiri kwamba hija ni habari ya miguu mpaka nilipoiona imepangwa uani vile, mstari mzima, ndani ya mabeseni ya maji ya moto na chumvi. Mama mmoja soksi zilikuwa zimegandana na malengelenge, ikabidi tuziloweke kwanza ndipo tuzivue kidogo kidogo, na yeye anasali huku amefumba macho. Mzee mmoja alikuwa ametembea na makubadhi ya tairi, kucha ya kidole gumba imekuwa nyeusi tii. Nilimwamkia shikamoo, akacheka: “Huko kwenu bado mnaheshimu wazee.” Nilikuwa naenda duka la dawa kuwasemea, narudi, nachemsha maji mengine, nawaelekeza choo kilipo na bei halali ya boda boda wasije wakalanguliwa.

Njaa niliihimili kwa ujanja mmoja: nilikataa kabisa kazi ya jikoni. Chai ya tangawizi walipika wenyewe, mimi nikabaki na mabeseni. Mama wa Bukoba alipojua nimefunga akawa anajificha nyuma ya tangi kila akitaka kunywa maji. Nikamwambia, “Kunywa tu mama, swaumu ni yangu.” Magharibi ilipoingia, yeye ndiye aliyeniletea futari: ndizi bogoya mbili, na senene wa kukaangwa aliowafunga kwenye mfuko tangu kwao. Kwetu pwani senene haliwi. Nikajiambia nzige ni halali, hawa ni ndugu zao, nikala. Wana utamu wa ajabu, hasa ukiwa hujala tangu alfajiri.

Tarehe 3 yenyewe niliwasindikiza. Foleni ya ukaguzi ilikuwa ndefu, na hapo Kiswahili kikatusaidia sana, maana askari wa pale walikiongea kama lugha ya mama yao. Mmoja aliangalia mtandio wangu, akauliza nakwenda kufanya nini. Nikasema nimeleta wageni. Akatupitisha.

Basilika ya Wakatoliki imejengwa kwa umbo la nyumba ya msonge, na nguzo zake ni 22 kwa hesabu ya mashahidi wao. Imesimama mahali alipochomwa Karoli Lwanga, aliyetengwa na wenzake akauawa peke yake. Wenzake waliuawa mbele kidogo, ambako leo ni kwa Waanglikana. Mahujaji wangu walikuwa wanauliza kwa nini siku moja ina ibada mbili sehemu mbili, na mimi niliyeyajua hayo juzijuzi nikageuka mwalimu. Kisha wakanivuta hadi kwenye bwawa, kila mtu na kidumu chake, kuchota maji ya kupeleka nyumbani.

Jambo moja niliwaambia wao, nao hawakuwa wamelisikia: Namugongo ina mashahidi Waislamu pia. Miaka ya 1870 Kabaka Muteesa I, baba yake Mwanga, aliwaua Waislamu waliokataa kuswali nyuma yake kwa kuwa hakutahiriwa, na waliokataa kula nyama iliyochinjwa kwake. Msikiti wa kuwakumbuka uko pale pale. Yule mzee wa makubadhi alinyamaza kidogo, akasema, “Basi na wewe umekuja kwenu.”

Mwezi ulipoandama nilikwenda kuswali Idi kwenye kilima cha Old Kampala, kwenye msikiti mkubwa uliojengwa kwa fedha za Libya. Hotuba ilikuwa ya Kiganda nikaambulia nusu, lakini takbira ni zile zile za Tanga, na hapo ndipo machozi yaliponitoka. Kilima hicho hicho ndicho alichofia Matia Mulumba, mmoja wa wale 22. Kampala ndivyo ilivyo, kilima kimoja wanakigombea watu wa dini zote.

Pilau nilipika mwenyewe. Bizari nzima nilizipata kwenye duka la Mhindi mjini, nyama kwa bucha wa Kyaliwajjala, na mama mwenye nyumba akaongeza luwombo ya kuku, yaani kuku aliyefungwa na kupikwa ndani ya majani ya mgomba, akisema sikukuu bila majani ya mgomba si sikukuu. Mama wa soksi alikuwa bado yupo, miguu ilikuwa haijamruhusu kusafiri na wenzake. Alikula sahani mbili, akafungiwa ya tatu kwenye kopo la siagi, na jioni tukampandisha basi la Busia.

Mama mwenye nyumba akasema mwakani ataandika kibao getini kwamba hapa Kiswahili kinasemwa. Mwakani yenyewe ikawa 2020, korona ikafunga hija na mipaka, na kibao hakikuandikwa.