Nilikwenda Santorini Kuitafuta Sakafu

Nimezamia Nungwi na Mnemba miaka mingi, nikiongoza wageni, na kwangu mimi chini ya bahari ni kweupe: mchanga, matumbawe, kasa akijipitia zake. Ndiyo maana Santorini, kisiwa cha volkano huko Ugiriki, kilinipa tabu. Kule chini ni kweusi.

Mei 2025 nilikwenda Ugiriki kumtembelea binamu yangu anayefanya kazi Piraeus, bandari ya Athens. Akanikatia tiketi ya feri bila hata kuniuliza. "Kaka, wewe si mtu wa maji? Nenda kaone maji yaliyowahi kuchemka."

Baada ya masaa manane hivi, upepo wa kaskazini ukituchapa, feri ikaingia ndani ya duara la majabali yaliyosimama wima, mengine yanafika mita 300. Juu yake vijumba vyeupe. Abiria wote wakatoa simu. Mimi, kwa mazoea, nikachungulia majini, nikaona buluu nzito tu. Kina chake kinafika karibu mita 390. Lile duara zima ndilo shimo lenyewe: miaka kama 3,600 iliyopita volkano ilitapika hata tumbo likabaki tupu, paa likaporomoka, bahari ikaingia.

Kesho yake tukapanda boti ya wazamiaji kwenda Nea Kameni, kisiwa cheusi kilicho katikati ya shimo. Ni kisiwa kichanga. Kilianza kuchomoza mwaka 1707, na mara ya mwisho kutema moto ilikuwa 1950. Yaani bibi yangu ana umri mkubwa kuliko baadhi ya mawe yale.

Maji yalikuwa nyuzi 18. Kwetu hata kipupwe cha Julai hakifanyi hivyo. Kiongozi wetu, mama wa Kigiriki wa makamo, alinikaza mkanda wa vipande vya risasi, ule wa kumzamisha mzamiaji, kama anayemvalisha mtoto sare ya shule, kisha akaniongezea vipande viwili. Niliona haya, mimi niliyezoea kuwakaza wenzangu. Lakini suti ile nene inakuinua kama boya, na alikuwa anajua anachofanya.

Mita 5, mita 10, mita 18. Mteremko wa mawe ya lava, makubwa, yenye ncha, yamelaliana kama kifusi cha nyumba iliyobomolewa jana. Tumbawe hakuna. Samaki wachache, wadogo, wenye wasiwasi. Kwenye nyufa kulikuwa na sifongo za rangi ya chungwa, na ukiangaza tochi ndipo unapojua kuwa kuna rangi. Nikatazama chini mteremko unakoishia. Hauishii. Nimesafiri nchi za watu kuja kuona sakafu ya bahari, na sakafu iko mita 300 na ushei chini ya miguu yangu, gizani, mahali ambapo mtungi wangu wa hewa hauna ruhusa ya kunifikisha.

Mzamo wa pili ulikuwa kwenye ghuba ndogo ya maji ya kutu. Maji moto yanapenya kutoka chini yakiwa na chuma, chuma kinakutana na oksijeni, basi bahari inashika kutu. Nilinyoosha mkono, ukapotea kwenye wingu la rangi ya matofali. Pale ndipo nilipoacha kutetemeka, na sitaficha, nilikaa zaidi ya nilivyopaswa.

Botini mama yule alifunua ramani. Kilomita 7 hivi kaskazini mashariki mwa kisiwa iko Kolumbo, volkano iliyozama kabisa, iliyolipuka mwaka 1650 na kuua watu wapatao 70, wengi kwa gesi. Mwaka 2006 roboti zilishuka ndani ya kreta yake, yaani shimo la mlipuko, zikakuta mabomba ya mawe yanayofuka maji ya nyuzi 220. Na msafara huohuo wa Wamarekani na Wagiriki ulipopima bahari inayozunguka Santorini, ulikuta tabaka la mawe povu, yale mepesi yenye vitundu, na majivu lenye unene wa mita 10 hadi 80, likienea kilomita 20 hadi 30 kila upande. Nikakumbuka feri. Sakafu niliyokuwa naitafuta shimoni nilikuwa nimeshapita juu yake, nikinywa kahawa.

Nilimuuliza kama haogopi. Akasema mwanzoni mwa mwaka, ardhi ilipotetemeka kwa wiki kadhaa na watu zaidi ya 10,000 wakaondoka, naye alikimbilia Athens kwa dada yake. "Wiki mbili. Dada yangu anaongea sana." Akarudi.

Majivu ya kisiwa hiki yalichimbwa yakapelekwa Misri kutengenezea saruji ya Mfereji wa Suez, uliofunguliwa 1869. Kwa hiyo meli zilizokuwa zikiletwa na njia hiyo hadi Unguja zilipita, kwa namna fulani, kando ya mlipuko huu.

Dukani nilinunua jiwe povu moja. Kurudi Piraeus nikalitia kwenye beseni la maji kumwonesha binamu jinsi jiwe linavyoelea, nikaanza kumweleza habari za mita 80. Shemeji akaliokota, akaligeuzageuza, akaanza kusugulia visigino.