BTP Tandahimba, msimu wa korosho

Nilikwenda BTP, yaani mazoezi ya kufundisha tunayopangiwa na chuo cha ualimu, na rejista ya darasa la tano niliyokabidhiwa ilikuwa na majina 93. Siku yangu ya kwanza walikuwepo 71, kesho yake 58, na kufika Ijumaa sikuhitaji kuita majina kujua kwamba nusu ya darasa iko shambani. Chuoni tulishaambiwa kuwa uwiano unaotakiwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 na kwamba vijijini tusitegemee kuukuta, kwa hiyo wingi wa watoto nilikuwa nimejiandaa nao. Ugumu ulikuwa kwamba waliokuja leo hawakuwa wale wa jana.

Shule yenyewe ipo kijijini, wilayani Tandahimba, juu kabisa ya uwanda wa Makonde. Tulifika mwishoni mwa mwezi wa tisa, wakati lami ya kutoka Mtwara mjini ilikuwa inaishia Mnivata na kuanzia hapo unakula vumbi. Habari za chumba cha kupanga, ndoo za maji na mtandao wa kutafutia chini ya mwembe kila aliyewahi kwenda BTP anazo zake, nazipita.

Kwa msiotoka Kusini niseme kidogo kuhusu korosho. Haichumwi juu ya mti kama embe. Inaachwa idondoke yenyewe na bibo lake, lile tunda laini lililoshikana nayo, iokotwe, inyofolewe, ianikwe juani, ichaguliwe, ndipo ipelekwe ghala la chama cha msingi, yaani AMCOS. Ikilala chini ikanyeshewa, daraja linashuka, na daraja likishuka bei inashuka nalo. Kazi ya kuokota inataka watu wengi wanaoweza kuinama kutwa nzima, na watu hao ndio wanafunzi wangu. Mimi nimekulia Singida, nilidhani mtoto asiyekuja shule ametoroka. Mwalimu wangu mlezi, mama mtu mzima ambaye amewafundisha hata baadhi ya wazazi wa watoto wale, aliniambia siku ileile ya pili tukiwa ofisini: "Mwanangu, hao hawajatoroka. Wapo kwenye korosho na watarudi. Sasa wakirudi, wewe utawafanyaje?"

Swali hilo andalio la somo halikuwa na jibu lake. Andalio tulilotumia lilikuwa na sehemu ya waliosajiliwa na waliohudhuria, wavulana, wasichana na jumla. Lilikuwa na utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakuri na hitimisho, vyote ndani ya dakika 40. Hapakuwa na mahali pa kuandika kwamba watoto 20 walio mbele yako leo hawakuwepo jana ulipofundisha kubadili gramu kuwa kilo, na kwamba somo la leo limekaa juu ya lile la jana. Ukiwarudia hao 20, wale waliokuwepo wanaanza kupiga soga. Ukiendelea, hao 20 wanakuangalia tu. Wanakuangalia kwa adabu sana, na mgeni anaweza kuamini kwamba wanaelewa.

Nilianza na madawati. Watoto wa kitongoji kimoja walikuwa wanakaa pamoja, kaka, dada na jirani, kwa hiyo familia mbili zikienda shambani dawati zima linabaki tupu na mengine yamejaa. Nilimwita monita na kiranja wa darasa tukawapanga upya, kila dawati liwe na watoto wa vitongoji tofauti. Walinuna. Wasichana wawili walihama na kurudi sehemu zao kila nilipogeuka kuandika ubaoni, mpaka mwalimu mlezi akapita dirishani. Lakini wiki iliyofuata karibu kila dawati lilikuwa na angalau mtu mmoja aliyekuwepo jana yake, na hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta.

Kisha nikanunua madaftari ya msitari, nikayakata katikati kwa kisu, nusu moja kwa kila dawati. Tukaliita daftari la dawati. Halitoki darasani, na mtoto haruhusiwi kwenda nalo nyumbani. Tukifika hatua ya kuimarisha maarifa, mwandishi wa siku anaandika humo tarehe, mfano mmoja uliokokotolewa hatua kwa hatua, na maswali mawili yasiyo na majibu. Basi. Mtoto aliyekosa akirudi anaanza na daftari hilo: ananakili mfano na kufanya maswali mawili akisaidiwa na jirani yake wa dawati. Muda huo ndio niliufanya kuwa utangulizi wangu, dakika kama nane hivi, na wale ambao hawakukosa nilikuwa nawaandikia ubaoni swali moja gumu kidogo ili wasikae bure. Nilisahihisha kwanza kazi za waliorudi, nikipita nimeshika kalamu nyekundu, kabla sijasema neno kuhusu somo jipya.

Mwandishi lazima abadilike kila siku. Dawati likiachiwa lenyewe litamchagua yule mwenye mwandiko mzuri, na huyo ataandika mpaka msimu uishe huku wengine wakimtazama. Kwenye zamu kulikuwa na watoto ambao mwandiko wao ulisomeka kwa shida, hesabu zimepanda juu na kushuka kama njia ya mbuzi. Niliwaacha waandike. Kama jirani hawezi kuusoma mfano, anamuuliza aliyeandika, na hapo aliyeandika inabidi aueleze. Maelezo mengi yalikuwa kwa Kimakonde, ambacho mimi sikijui. Niliposikia vicheko nilijua wametoka nje ya mada, niliposikia ubishi na namba zinatajwa nilijua wapo kwenye hesabu.

Kuhusu nidhamu sina mengi. Watoto wanajua mapema kwamba mwalimu wa BTP hana fimbo, na wanajua kweli. Kanuni za mwaka 2002 zinampa mamlaka ya adhabu ya viboko mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemteua yeye kwa maandishi, tena visizidi vinne na viandikwe kitabuni. Mwalimu mwanafunzi hayumo. Baadhi ya wenzangu waliona hilo ni pengo. Mimi lilinipunguzia jambo moja la kufikiria, na darasa lenye kazi mezani tangu kengele inapolia halina nafasi kubwa ya fujo. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori, inasikika mpaka kijiji cha pili, kwa hiyo kisingizio cha kuchelewa hakikuwepo.

Mada ya uzani ndiyo iliyonikalia vizuri kuliko zote, na hapo naomba nikae kidogo. Kitabu kilikuwa na mifano ya sukari na unga. Si mibaya, ila hawa ni watoto ambao tangu saa kumi na mbili asubuhi wameshabeba ndoo za korosho, wanajua gunia lililojaa ni kilo 80 hivi, na wanajua baba anarudi na stakabadhi kutoka ghalani. Wanachokosa ni kuliona hilo kama hesabu. Nikaazima mizani ya mawe kwa muuza duka, nikaomba kila dawati lije na korosho za kujaza bakuli moja.

Kabla ya kipindi mwalimu mlezi alinivuta pembeni. "Pima korosho, lakini usimuulize mtoto kwao wanauza wapi." Nilielewa baadaye, aliponifafanulia habari ya kangomba. Korosho zinatakiwa kupita kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani, zikauzwe mnadani. Kangomba ni kuuza pembeni kwa mtu binafsi kabla ya hapo, kwa kipimo cha bakuli, mara nyingi kwa sababu nyumbani kuna shida isiyoweza kusubiri mnada. Ni kosa, na kwa baadhi ya familia ni aibu pia. Mtoto akijibu swali la mwalimu kwa ukweli, anaweza kumtaja baba yake mbele ya darasa zima.

Kwa hiyo hatukuuliza habari za nyumbani kwa mtu. Tulichukua bakuli la plastiki la pale shuleni, tukalijaza mpaka likawa na kilele, tukaliweka kwenye mizani. Lilisoma kilo moja na gramu 250. Nikaandika ubaoni: mtu anauza mabakuli manne, kila bakuli analipwa kama kilo moja, je, amepoteza gramu ngapi? Darasa lilinyamaza kwanza, halafu kelele zikaanzia nyuma. Gramu 1,000. Kilo nzima imeondoka bila kulipwa katika kila mabakuli manne. Mvulana mmoja ambaye kwa kawaida nilikuwa namwona mara mbili kwa wiki alisimama bila kuitwa, akasema gunia la kilo 80 basi ni mabakuli 64, kwa hiyo zinapotea kilo 16. Nilimwambia aje aionyeshe ubaoni. Aligawa 80 kwa 1.25 kwa kuondoa desimali kwanza, kama mfano ulivyokuwa kwenye daftari la dawati lake, mfano ambao siku ulipofundishwa yeye hakuwepo.

Kwa bei nilitumia shilingi 3,300 kwa kilo, ile ambayo Serikali ilitangaza kununulia korosho msimu wa 2018. Watu wazima wa huko bado wanaikumbuka, na kwa kuwa ni ya zamani hakuna mzazi angesema napeleleza mapato yake ya mwaka huu. Gunia la kilo 80 kwa bei hiyo ni shilingi 264,000. Kilo 16 zilizopotea ni shilingi 52,800. Kesho yake mzazi mmoja alinisimamisha njiani. Nilijua nimeshalikoroga, kumbe alitaka kuuliza kama hesabu ile mwanawe aliyomwonyesha ni ya kweli.

Mkufunzi wa kutathmini alikuja wakati mavuno yamekolea, bila taarifa kama kawaida yao, akakaa dawati la nyuma na fomu yake. Waliohudhuria walikuwa 49. Nilifundisha vilevile, na daftari la dawati na dakika nane za waliorudi. Tulipotoka alisema utangulizi wangu ni mrefu kuliko unavyopaswa, na kwamba hatua ya tafakuri ilibanwa. Ni kweli, ilibanwa, na alama zilikatwa hapo. Aliomba kuona madaftari matatu ya madawati akayafunua moja moja, akauliza kwa nini miandiko inatofautiana kila ukurasa. Nikamweleza. Aliandika kitu kwenye fomu ambacho sikukisoma, akapanda bodaboda kuwahi shule nyingine.

Nisiseme kwamba mahudhurio yalipanda. Hayakupanda. Korosho zilipozidi kudondoka yalishuka zaidi, na kuna watoto ambao mpaka naondoka nilikuwa nawafahamu kwa jina la rejistani tu. Majina yao niliyapeleka kwa mwalimu mlezi, naye akayapeleka kwa mwalimu mkuu, kwa sababu hilo linahitaji ofisi ya kijiji, si mwalimu wa mazoezi. Kilichobadilika ni kwamba aliyerudi baada ya siku mbili tatu hakukaa kama mgeni. Kwenye jaribio la mwisho nililotoa, waliokuwa wanakosa-kosa walikuwa bado chini ya wenzao, ila wengi walijaribu maswali yote. Karatasi tupu zilikuwa chache kuliko nilivyotegemea.

Wakati wa kukabidhi darasa nilimpa mwalimu mlezi bunda la madaftari yale limefungwa kamba. Alisema ataendelea nayo kwa Hisabati, lakini kwa Sayansi hapana, na zile dakika nane atazifanya mara moja kwa wiki tu, maana yeye ana vipindi vya madarasa matatu na mimi nilikuwa na darasa moja. Tukakaa tukachagua siku. Akasema Jumatano, kwa sababu Jumatatu bado wengi hawajarudi.