Risasi Gani, Baba?

Jana jioni nilikuwa nasonga ugali, mwanangu wa tatu kaegemea meza na daftari lake la sayansi. "Mama, hii yenye alama ya Pb, namba 82, kwa Kiswahili inaitwaje?"

"Risasi."

"Risasi ya bunduki?"

Mwiko ukasimama kwenye sufuria.

Swali hilohilo niliwahi kuliuliza mimi, Februari 2017. Tulikuwa na miezi minne tu Lewiston, jimbo la Maine, Marekani, ghorofa ya tatu ya nyumba kuukuu ya mbao, zile walizopanga zamani wafanyakazi wa viwanda vya nguo waliotoka Quebec. Simu ikalia. Muuguzi akasema yake kwa Kiingereza, kisha mkalimani, mwanamume mwenye Kiswahili cha pwani, akatafsiri kwa upole: "Mama, vipimo vya mtoto vimerudi. Wanasema ana risasi kwenye damu."

Walionijua tangu Fizi, kule Kongo, wanajua neno hilo limebeba nini kwangu. Niliitupa simu godoroni ikiendelea kuzungumza. Nikamvua mtoto sweta, fulana, suruali. Nikampapasa mbavu moja moja, nikamgeuza, nikatazama kisogoni, kwapani, nyuma ya magoti. Natafuta tundu. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu, alidhani namtekenya, akacheka hadi akapaliwa. Ngozi nzima, laini, inanukia mafuta ya nazi. Nikaiokota simu.

"Risasi gani, baba? Nani kampiga?"

Kimya. Nadhani ndipo naye alipolisikia neno lake. "Nisamehe, mama. Si ya bunduki. Ni madini, zamani yalitiwa kwenye rangi za nyumba. Muuguzi anauliza, hapo kwenu kuna rangi inayobanduka?"

Nikainua macho. Dirishani, pale alipopenda kusimama kutazama magari yanayozoa theluji, ubao wa chini ulikuwa na alama za meno. Vijino vinne. Nilikuwa nimeziona wiki nyingi, nikasema anaota meno. Nilipokuwa na mimba yake kule Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania, nami nilikula udongo kila siku. Mtoto kuguguna ubao kungenishtua vipi?

Alipoingia nchini alipimwa akaonekana salama. Hiki kilikuwa kipimo cha pili. Sumu aliipata hapa, kwenye nyumba niliyomshukuru Mungu kwa kuta zake.

Wakamtoa damu ya mshipa: mikrogramu 16 za risasi kwa kila desilita ya damu. Wakati ule hatua zilianza kuchukuliwa ikifika 5. Siku hizi ni 3.5. Mkaguzi akaja na mashine kama drili, akaigusisha milangoni na madirishani. Marekani ilipiga marufuku rangi hiyo majumbani mwaka 1978, lakini yetu ilikuwa imepakwa tabaka juu ya tabaka kabla ya hapo. Akalipandisha dirisha, akalishusha, akanionyesha mbao zinavyosuguana na kuisaga rangi ikawa unga. Halafu akauliza nasafishaje.

Nikamwonyesha ufagio. Kila alfajiri nilifagia chini ya dirisha lile, kama mama alivyonifunza. Akaniambia ufagio mkavu hulirusha vumbi, likatua sakafuni anapotambaa mtoto, kwenye midoli, kwenye vidole anavyonyonya. Nitumie kitambaa kibichi na sabuni, nimnawishe mikono kabla hajala. Hilo liliniuma kuliko alama za meno. Kumbe nilimlisha kwa mkono wangu, kila siku, nikidhani namtunza.

Dawa ya kuitoa hakupewa, kwa kiwango kile haitolewi. Tulihama. Nikamlisha maharage, dagaa, maziwa, machungwa, ili mwili usiipokee risasi kwa wingi. Kipimo kikashuka polepole: 11, kisha 7, baada ya muda mrefu 4.

Leo kusoma kunampa shida, herufi zinamkimbia. Mwalimu anasema kila mtoto na mwendo wake. Daktari anasema hawezi kujua ni risasi ile au ndivyo alivyo. Kaka yake naye alichelewa kusoma, na huyo kakulia nyumba ya tope. Usiku nawalinganisha hivyo, na sifiki popote.

"Mama? Ya bunduki?"

"Ni madini, mwanangu. Mazito sana." Akaandika *risasi* kwa herufi zake zinazopinda, akafunga daftari. Sikuongeza neno. Tulipokwisha kula niliroweka kitambaa nikapangusa madirisha yote, ingawa nyumba tunayokaa sasa ilijengwa mwaka 1994.