Mahomes hakuanguka peke yake

Ile usiku ya Super Bowl ya 2025, finali ya futboli ya Marekani, tuliamka na mudogo wangu saa saba na nusu, hapa Kamalondo, kuranti ilikuwa, Mungu asifiwe, megabaiti tulichanga, tukaona Philadelphia inapiga Kansas City 40-22. Asubui mudogo wangu anaenda kutangaza mu avenu yote kama Patrick Mahomes, kwotabeki wa Kansas City, ameisha. Ameisha! Mutu mwenye kubeba Super Bowl tatu! Hii mabishano haiyamalizika mpaka leo, na inaniuma kweli.

Kwotabeki njo ule anapokea mupira kila mara na kuchagua anamutupia nani. Mbele yake kuna batu batano banene, kazi yao ni paka kuzuia. Akipata sekunde tatu za kuangalia, utasema huyu anaona na kisogo. Asipopata, anakimbia tu. Ile usiku Mahomes balimuangusha mara sita na mupira mukononi, na Philadelphia haikutuma hata batu ba kuongeza, bale bane bao ba mbele balitosha. Sasa kosa ni ya nani?

Muangalie David Carr, kwotabeki mwingine. 2002 alichaguliwa wa kwanza kati ya bachezaji bapya ba Marekani yote, akaenda Houston, ekipe mupya kabisa, na musimu wake wa kwanza balimuangusha mara 76. Mara 76! Hakuna mwingine amefikia ile hesabu mu musimu moja. Kijana na kipaji chake, kila yenga analala chini.

Mudogo wangu ananijibu na Tom Brady, naye kwotabeki: yaya, Brady aliacha New England, akaenda Tampa, akabeba kombe mwaka wa kwanza, na kule alitoka balipoteza mechi mingi kuliko balishinda. Ni kweli, siwezi kukataa, Brady ni Brady. Lakini Tampa alikuta Mike Evans na Chris Godwin ba kupokea, balimuchagulia Tristan Wirfs wa kumulinda, na ile finali ya 2021 difensi yao ilikatalia Kansas City hata touchdown moja, njo kufikisha mupira mwisho wa kiwanja, 31-9. Na Mahomes siku ile alikosa walinzi wake bawili ba pembeni, balikuwa na majeraha. Akakimbia match muzima.

Shiye ba Lubumbashi njo tungejua hii mbele ya batu bote. 2010 Trésor Mputu wa Mazembe, ekipe yetu ya soka, mutu tulimuimba kila siku, alikuwa amesimamishwa, hakuenda Abu Dhabi kwenye kombe ya klabu za dunia. Batu balisema Mazembe bila Mputu ni bure. Kiisha kipa yetu Kidiaba akafunga mulango, Kabangu akatia, Kaluyituka akatia, Internacional ya Brazil ikarudi kwao, 2-0, na ekipe ya Afrika ikaingia finali ya klabu za dunia mara ya kwanza. Mimi nililia kabisa, na sikuwa peke yangu mu Kamalondo.

Juzi nikarudilia ile match ya 2025 na mudogo wangu, nikamuambia usiangalie mupira, angalia paka bale batano. Akaangalia, hakusema kitu muda murefu. Kiisha akauliza, yaya, ule wa kushoto pembeni ni nani? Ni Joe Thuney, nikamujibu, kazi yake ni ya ndani, balimuhamisha kule juu hapakuwa mwingine wa kufaa. Akaomba turudilie tena kuanzia mwanzo.