Tonton alikuwa anasikia baridi, mi nikafikiri ni njaa

Kwanza nijibu ile swali kila mutu anauliza akifika kwetu: hapana, si kinyonga, na haiko ya bulozi. Ni pogona, mjusi wa ndevu, kwao ni Australia kwenye nchi kavu kavu, na huyu wetu tulimuita Tonton (mjomba kwa Kifaransa) juu ya ile ndevu yake inavimba na kuwa nyeusi akikasirika. Nilimupata mwezi wa sita kwa jirani mumoja aliyekuwa anahama Bukavu, akaniachia na kasha ya vioo, ampuli moja ya taa ya kumupa joto na tube ya UVB, ile taa yenye mionzi kama ya jua, akasema "usiogope, anakulaka kila kitu". Eeh.

Mwezi wa nane nikamubeba asubuhi moja nikasikia mifupa ya kiuno inanigusa mukononi. Pale mukia unaanzia kulikuwa kumebonyea pande zote mbili, na juu ya kichwa, nyuma ya macho, shimo mbili, na pale njo mahali banaweka mafuta yao, kukiwa shimo ujue akiba imeisha. Nikamupima kwenye balansi ya yaya, dada yangu mukubwa, ya kupimia unga wa keki (alinigombeza, na alikuwa na haki, nikaiosha mara tatu): gramu 212. Pogona mukubwa, wa sentimita 45 hivi kama yeye, mara nyingi iko kati ya 300 na 500.

Basi nikafanya kile mama yeyote wa huku angefanya, nikaongeza chakula. Nyenje asubuhi, panzi mchana, funza mangaribi. Anakula mbili, anafunga macho. Yaya akasema mupe avoka, avoka inanenepesha, na huku avoka tunatupia hata nguruwe, kidogo nimupe kweli, bahati nilisoma mbele: avoka ni sumu kwao. Vimulimuli pia, kimoja tu kinaweza kumuua, kwa hiyo batoto banaookota wadudu usiku waambieni mapema. Na panzi wa kwenye shamba lililopigwa dawa, acheni hapo hapo.

Kilichonifungua macho ni mavi yake, samahani kwa wenye mko mezani. Miguu ya panzi mizima mizima ndani, kama vile haikupita tumboni kabisa. Njo nikaazima kipimo cha joto, kile cha waya, nikaweka juu ya jiwe anapoota: digrii 28. Inatakiwa karibu 38 mupaka 42 pale pa kuotea, na upande mwingine wa kasha pabaki baridi kidogo ili achague mwenyewe. Mjusi hana moto yake ya ndani, bila joto tumbo haifanyi kazi, chakula kinakaa mule na kuoza, sasa mi nilikuwa naongeza juu ya ile haijashuka. Bukavu tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, usiku sisi wenyewe tunavaa pulovere, na yeye alikuwa peke yake kwenye vioo na ampuli ndogo iko mbali kabisa na jiwe.

Nikabadilisha ampuli, nikaishusha, nikapima tena mupaka ikafika 40, lakini mbali ya kutosha asiweze kuigusa. Chakula nikahamishia asubuhi, ili abaki na masaa mengi ya kuota mbele usiku ufike. Siku umeme ukikatika (na munajua unakatika, hata tukikaa na mabarrage ya umeme ya muto Ruzizi pale chini) simupi wadudu, namuwekea tu chupa ya maji moto nimeifunga kitambaa. Jua likitoka namutoa inje kwenye kitunga cha waya chenye kivuli upande moja, juu UVB haipiti kioo cha dirisha, na ile ya tube inapungua hata kama mwanga unaonekana sawa. Bila UVB calcium haishiki, hata umunyunyizie unga wake kila siku.

Mavi nikapeleka kwa veterineri mumoja wa ng'ombe na mbuzi, alicheka weee, lakini akaweka kwenye mikroskopi na minyoo ilikuwa mingi kupita kawaida. Dawa akapima kwa gramu zake. Usijaribu kukata kipande cha dawa ya mbuzi nyumbani.

Kisha njo chakula kikaanza kusaidia. Jirani wa kuku anafugaka funza wa nzi mweusi, hao wana calcium nzuri, nachagua wadogo, hakuna anayepita upana wa kati ya macho yake mawili. Majani ya boga, maua ya hibiscus, karoti ya kukwaruza. Lengalenga kidogo kidogo tu, sombe mbichi hapana. Kuna wiki moja nilishindwa kuvumilia nikamujaza wale funza wanene wa mafuta, akapanda haraka kisha akakataa majani siku tano kama mutoto aliyeonja bonbon, na mafuta mengi ya haraka inaumiza ini.

Namupima kila siku ya posho (jumamosi), asubuhi, mbele ya kula. Wiki tatu za kwanza: 212, 214, 221. Jana 309. Shimo za kichwa zimejaa, kiuno hakinichomi tena. Kilichobaki ni tube ya UVB mupya, ya zamani imepita mwaka, nangoja mutu anayetoka Kigali, kwa hiyo kwa sasa tunategemea jua, na mvua nayo imeshaanza.